SOMO LA HISTORIA: TAUNI KUU YA ULAYA NA MAASI YALIYOFUATA



Somo letu la historia katika toleo hili linatupeleka Ulaya, zaidi ya miaka 670 iliyopita. Wengi wetu tukisikia jina Ulaya tunafikiria nchi za amani, hospitali kubwa, na ndugu zetu waliopata bahati ya kuhamishiwa huko. Lakini kulikuwa na wakati ambapo Ulaya yenyewe ilikuwa mahali pa kukimbia. Watu walizika watoto wao bila padri wala jirani wa kusaidia, na wengine walitoroka mijini usiku kwa sababu ya kusingiziwa sumu. Habari hizi zimeandikwa na watu walioziona, kwa hiyo tunaweza kujifunza mengi.

Somo lina sehemu saba na maswali ya mwisho. Kama mnasoma katika kikundi, mtu mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Msiharakishe. Mkitaka, lifanyeni kwa juma mbili.

MANENO YA KUELEWA KABLA YA KUANZA

Tauni: ugonjwa unaoletwa na bakteria, ambao huishi ndani ya panya na wanyama wengine wadogo, na huhamishwa na viroboto.

Mtoki: uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo. Ni dalili kubwa ya tauni.

Kabaila: bwana mwenye ardhi kubwa ambaye wakulima waliishi chini yake.

Mtwana: mkulima ambaye hakuwa huru. Hakuuzwa sokoni kama mtumwa, lakini hakuruhusiwa kuhama bila idhini ya kabaila, na alilazimika kumlimia siku kadhaa za juma bila malipo.

Kodi ya kichwa: kodi inayotozwa kila mtu kiasi kilekile, awe tajiri au maskini. Wazee wetu waliifahamu katika siku za wakoloni.

1. ULAYA KABLA YA TAUNI

Katika miaka ya 1300 watu wengi sana wa Ulaya walikuwa wakulima. Idadi yao ilikuwa imeongezeka kwa muda mrefu, na ardhi haikutosha tena. Kijiji kilikuwa na watu wengi kuliko mashamba, na kwa sababu hiyo kabaila hakuwa na shida ya kupata vibarua. Kama huyu hakutaka ujira mdogo, mwingine alikuwa mlangoni anasubiri.

Kisha kuanzia mwaka 1315 mvua zilinyesha mfululizo, ngano ikaoza shambani, na njaa kubwa ikaenea kaskazini mwa Ulaya hadi mwaka 1317, na athari zake zikaendelea miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1337 Uingereza na Ufaransa zilianza vita ambavyo vilidumu, pamoja na vipindi vya kupumzika, kwa zaidi ya miaka mia moja. Viongozi wa Kanisa nao hawakuwa Roma. Tangu mwaka 1309 Papa alikaa Avignon, mji ulio kusini mwa Ufaransa ya leo, na watu wengi walinung'unika kuhusu anasa za huko.

Hivyo tauni haikuwakuta watu walioshiba na kutulia. Iliwakuta wakiwa tayari wamechoka kwa njaa, kodi na vita.

2. JINSI TAUNI ILIVYOINGIA

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu mahali ugonjwa huu ulipoanzia. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba walikuwa wamechunguza mifupa ya watu waliozikwa karibu na ziwa Issyk-Kul, katika nchi ya Kirgizistani, Asia ya Kati. Makaburi hayo ni ya Wakristo wa huko. Mawe yao yana maandishi ya Kisiria yanayosema kwamba walikufa kwa tauni mwaka 1338 na 1339. Ndani ya meno yao zilipatikana alama za bakteria ya tauni. Kwa hiyo karibu miaka kumi kabla ya Ulaya kulia, Wakristo wa Asia walikuwa wameshalia.

Kutoka Asia ugonjwa ulifuata njia za wafanyabiashara hadi Bahari Nyeusi. Mwaka 1346 ulikuwa umefika kwenye mji wa bandari wa Kaffa, ambako wafanyabiashara wa Genoa walikuwa wamezingirwa na jeshi la Wamongolia. Mnamo Oktoba 1347 meli za Genoa ziliingia Messina, katika kisiwa cha Sicilia, zikiwa na mabaharia wagonjwa na wanaokufa. Wenyeji waliwafukuza, lakini ilikuwa kuchelewa. Panya na viroboto hawafukuzwi kwa kelele.

Mwanzoni mwa 1348 tauni ilikuwa Marseille, Pisa, Venisi na Avignon. Katika majira ya joto ya mwaka huohuo ilifika Paris, na ilivuka bahari kuingia Uingereza kupitia bandari ndogo ya Melcombe. Mwaka 1349 ilikuwa Norwei. Mwaka 1353 ilimwua mtawala mkuu wa Moscow. Ilikwenda kama moto wa nyasi kavu, kutoka bandari hadi bandari na kutoka kijiji hadi kijiji.

Ugonjwa wenyewe ulikuwaje? Guy de Chauliac, daktari wa Papa kule Avignon, hakukimbia. Alibaki na wagonjwa, akaugua yeye mwenyewe, akapona, kisha akaandika aliyoyaona. Alieleza aina mbili. Moja ilileta homa kali na kutema damu, na mgonjwa alikufa ndani ya siku tatu. Nyingine ilileta homa na mitoki, na mgonjwa alikufa ndani ya siku tano. Leo tunajua kwamba aina ya kwanza imeshika mapafu na huambukizwa kwa kikohozi, na ya pili huletwa na kuumwa na kiroboto.

Lakini siku zile hakuna aliyejua bakteria ni kitu gani. Mwezi Oktoba 1348 walimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Paris walimwandikia mfalme wao kwamba chanzo ni kukutana kwa sayari tatu angani mwaka 1345, jambo ambalo liliharibu hewa. Hao ndio waliokuwa wasomi wakubwa wa nchi. Bakteria yenyewe ilikuja kugunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, miaka 546 baada ya waraka ule wa Paris.

3. MSIBA

Hatuna hesabu kamili ya waliokufa, kwa sababu hapakuwa na sensa. Wataalamu wengi hukadiria kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya watu wa Ulaya walifariki katika miaka michache. Ndugu msomaji, hesabu nyumba kumi zilizo karibu na yako. Kisha fikiria nne au tano kati yake hazina mtu.

Katika mji wa Siena, Italia, mtu mmoja aitwaye Agnolo di Tura aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Kengele hazikupigwa tena kwa ajili ya maiti, kwa sababu kila mtu alikuwa anangojea kifo chake. Mji huo ulikuwa unapanua kanisa lake kuu ili liwe miongoni mwa makubwa kabisa. Kazi ilisimama, haikuendelea tena, na kuta zile ambazo hazikumalizika zinaonekana hadi leo.

Watumishi wa Kanisa walikufa kwa wingi. Wale waliokubali kwenda kwa wagonjwa kuwapa sakramenti waliambukizwa. Wengine waliogopa wakaacha parokia zao. Nchini Uingereza, maaskofu wakuu watatu wa Canterbury walifariki mmoja baada ya mwingine kati ya Agosti 1348 na Agosti 1349. Wa tatu, Thomas Bradwardine, aliyekuwa msomi mkubwa wa hesabu na teolojia, alikufa kwa tauni siku chache tu baada ya kurudi nchini kuanza kazi.

Mwezi Januari 1349 Askofu Ralph wa jimbo la Bath na Wells aliandika barua kwa watu wake. Aliona kwamba parokia nyingi hazina padri na hakuna anayekubali kwenda. Akaagiza kwamba mtu anayekufa akikosa padri, aungame dhambi zake kwa Mkristo yeyote, hata kwa mwanamke. Leo jambo hilo linaweza kuonekana la kawaida kwetu, lakini kwa siku zile lilikuwa la ajabu sana. Msiba ulimfundisha askofu kwamba muumini wa kawaida naye anaweza kubeba mzigo wa jirani yake.

Kulikuwa pia na makundi ya watu waliotembea mji hadi mji wakijipiga kwa mijeledi hadharani, wakisema kwamba damu yao itatuliza hasira ya Mungu. Watu waliwafuata kwa maelfu. Walianza kudharau mapadri na kudai uwezo wa kusamehe dhambi, na msafara wenyewe ulibeba ugonjwa kutoka mahali hadi mahali. Oktoba 1349 Papa Klementi wa Sita aliwakataza.

4. UVUMI WA VISIMA

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo inatuhusu sana sisi tunaoishi ugenini.

Wayahudi waliishi katika miji mingi ya Ulaya wakiwa wachache. Katika sehemu nyingi hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kuingia katika vyama vya mafundi. Baadhi yao waliishi kwa kukopesha fedha kwa riba, na hivyo watu wengi walikuwa na deni kwao. Walikuwa wameshafukuzwa Uingereza mwaka 1290 na Ufaransa mwaka 1306. Walikuwa wageni hata mahali ambapo babu zao walizaliwa.

Tauni ilipokuja, uvumi ulienea kwamba wametia sumu visimani. Mwezi wa Aprili 1348 watu waliwashambulia Wayahudi wa Toulon, kusini mwa Ufaransa, wakawaua wengi ndani ya nyumba zao. Mwezi wa Septemba, huko Chillon karibu na ziwa la Geneva, wakuu waliwakamata Wayahudi kadhaa na kuwatesa mpaka wakakiri. Mtu anayeteswa husema lolote ili mateso yaishe. Lakini maandishi ya maungamo hayo yalipelekwa mji hadi mji kama ushahidi, na yaliyokuwa maneno ya mateso yakageuka kuwa "habari ya kweli".

Basel, Januari 1349: Wayahudi walifungiwa ndani ya nyumba ya mbao na kuchomwa moto.

Strasbourg, Februari 1349: viongozi wa mji hawakuuamini uvumi huo, wakakataa kuwaua Wayahudi. Vyama vya mafundi viliwaondoa viongozi hao madarakani na kuweka wengine. Siku chache baadaye, tarehe 14 Februari, mamia ya Wayahudi walichomwa katika uwanja wao wa makaburi. Mwandishi mmoja wa zamani anataja watu 2,000. Waliokubali kubatizwa waliachwa hai. Hati zote za madeni zilifutwa, na fedha zilizokutwa ziligawanywa. Mwandishi mwingine wa mji huo aliandika baadaye kwamba kilichowaua Wayahudi kwa kweli ni mali yao, na kwamba kama wangekuwa maskini na kama wakubwa wasingekuwa na deni kwao, hawangechomwa.

Jambo moja la kukumbuka: siku ile ya Februari tauni ilikuwa bado haijafika Strasbourg. Watu waliuawa kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwapo, na mauaji hayo hayakuuzuia usije.

Je, hakuna aliyesema ukweli? Alikuwapo. Mnamo Julai na Septemba 1348 Papa Klementi alitoa nyaraka za kuwatetea Wayahudi. Hoja yake ilikuwa rahisi, na mtoto wa shule angeielewa. Wayahudi nao wanakufa kwa tauni. Tena tauni imefika katika nchi ambazo hazina Myahudi hata mmoja. Sasa wanawezaje kuwa ndio chanzo? Katika eneo la Avignon, alipokuwa na mamlaka mwenyewe, Wayahudi walilindwa. Lakini mbali na hapo wengi hawakumsikiliza. Mfalme wa Ujerumani, Karoli wa Nne, ambaye kwa sheria ndiye aliyekuwa mlinzi wa Wayahudi, alisamehe miji iliyowaua na kugawa mali zao.

Waliookoka walielekea mashariki. Nchini Polandi Mfalme Kazimierz, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1370, aliithibitisha sheria ya zamani ya kuwalinda Wayahudi na akaipanua katika nchi yake. Kwa karne nyingi baada ya hapo Polandi ilikuwa na jumuiya kubwa sana ya Kiyahudi. Mlango mmoja uliofunguliwa uliokoa vizazi.

5. TAJIRI ANATAFUTA KIBARUA

Tauni ilipopungua, mambo yaligeuka. Hapo kwanza mashamba yalikuwa machache na mikono mingi. Sasa mashamba yalikuwa mengi na mikono michache. Ngano iliiva, hapakuwa na wa kuivuna. Ng'ombe walizurura bila mchungaji. Kibarua aliyebaki hai aliweza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kusema: "Nilipe zaidi, la sivyo nakwenda kijiji cha jirani."

Makabaila hawakupendezwa. Mwezi wa Juni 1349, tauni ikiwa bado inaua, Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alitoa amri, na mwaka 1351 Bunge likaipitisha kuwa sheria kamili. Sheria hiyo ilisema hivi:

(a) Ujira urudi kama ulivyokuwa mwaka 1346, kabla ya tauni.

(b) Mtu yeyote mwenye nguvu aliye chini ya miaka 60, asiye na ardhi wala kazi yake mwenyewe, akubali kazi akiitwa. Akikataa, afungwe.

(c) Mvunaji apate peni 2 kwa siku katika juma la kwanza la Agosti, na peni 3 katika juma la pili, si zaidi.

(d) Asiyetii afungwe au atozwe faini.

Bunge lile lilikuwa la watu gani? Lilikuwa la wenye ardhi. Waliandika sheria juu ya ujira wa watu ambao hawakuwa na mwakilishi hata mmoja humo ndani. Hata hivyo mashamba yao yalihitaji watu, na kabaila mmoja alimzunguka mwenzake kwa kulipa kwa siri. Ujira ukazidi kupanda. Lakini maelfu walitozwa faini, na uchungu ulijaa mioyoni kwa miaka 30.

Si Uingereza peke yake. Mwaka 1358 wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa waliinuka chini ya Guillaume Cale. Walichoma majumba ya makabaila, wakafanya ukatili, na baada ya wiki chache walikandamizwa kwa ukatili mkubwa zaidi. Mwaka 1378 vibarua wa sufu katika mji wa Firenze, Italia, waliteka serikali ya mji na kudai haki ya kuwa na vyama vyao. Ushindi wao haukudumu.

6. UASI WA MWAKA 1381

Vita na Ufaransa viligharimu sana, na serikali ya Uingereza ilihitaji fedha. Mwaka 1377 ilitoza kodi ya kichwa ya peni 4. Mwaka 1379 ilitoza tena, wakati huo kwa viwango tofauti kulingana na cheo cha mtu. Mwishoni mwa 1380 Bunge lilipitisha ya tatu: peni 12 kwa kila mtu wa zaidi ya miaka 15, mwanamume au mwanamke. Mjane maskini alihesabiwa kama tajiri. Watu walificha majina ya jamaa zao, na serikali ikatuma wakaguzi.

Tarehe 30 Mei 1381, mkaguzi mmoja alipofika Brentwood, watu wa kijiji cha Fobbing walimwambia kwamba wameshalipa na hawatalipa tena. Alipotaka kuwakamata walimfukuza. Habari ikaenea. Katika wilaya ya Kent watu walimchagua Wat Tyler awe kiongozi wao, na wakamfungua kutoka gerezani padri mmoja aitwaye John Ball.

John Ball alikuwa amehubiri kwa miaka mingi nje ya makanisa, baada ya ibada, watu wakitoka. Alifundisha kwamba wanadamu wote ni wazao wa Adamu na Hawa, na kwa hiyo utwana haukutoka kwa Mungu bali kwa watu waovu. Askofu mkuu alimtenga na kumfunga zaidi ya mara moja.

Tarehe 13 Juni maelfu ya watu waliingia London, wengine wakifunguliwa milango na wakazi wenyewe. Siku iliyofuata Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14 tu, alikwenda kuonana nao mahali paitwapo Mile End. Walimwomba aufute utwana. Alikubali. Makarani waliandika hati za uhuru zenye muhuri wa mfalme, na wengi walizichukua wakarudi kwao wakishangilia.

Lakini siku hiyohiyo mengine yalitendeka. Waasi waliingia katika ngome ya mfalme na kuwakata vichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia Kansela, na Robert Hales, Mweka Hazina. Kisha umati uliwageukia wageni. London ilikuwa na Waflemi, watu kutoka Flanders ng'ambo ya bahari, wengi wao wafumaji wa nguo, ambao wenyeji waliwaonea wivu kwa kazi zao. Mwandishi mmoja wa siku zile anasema Waflemi 35 walikuwa wamekimbilia katika kanisa la St Martin Vintry. Walitolewa humo na kukatwa vichwa barabarani.

Tutue hapa kidogo. Watu hawa walikuwa na madai ya haki. Walionewa kweli. Walidai usawa wa wana wote wa Adamu. Na siku ileile waliyopata hati za uhuru wao, waliwavuta watu wasio na hatia kutoka kanisani kwa sababu ya lugha yao. Aliyeonewa hawi mwenye haki kwa sababu tu ameonewa. Lazima achague, tena kila siku.

Tarehe 15 Juni mfalme na waasi walikutana tena Smithfield. Wat Tyler alidai kwamba pasiwe na bwana isipokuwa mfalme, mali ya Kanisa igawiwe watu, na pasiwe na mtwana tena nchini. Katika mabishano, meya wa London, William Walworth, alimchoma kwa silaha, akauawa. Umati ulishika pinde. Mfalme kijana aliwaendea juu ya farasi wake akawaambia kwamba yeye ndiye kiongozi wao na wamfuate. Walimwamini, wakamfuata, wakatawanyika.

Siku 17 baadaye, tarehe 2 Julai, mfalme alizifuta hati zote. John Ball aliuawa kikatili huko St Albans tarehe 15 Julai. Wengine wengi walinyongwa.

7. KILICHOBAKI

Je, yote yalikuwa bure? Hapana. Serikali iliogopa kutoza tena kodi ya kichwa ya namna ile kwa muda mrefu. Na utwana ambao mfalme alikataa kuufuta kwa hati, ulijifuta wenyewe polepole. Tauni ilirudi mwaka 1361 na mara nyingi baadaye, watu walibaki wachache, na kabaila aliyetaka mashamba yake yalimwe alilazimika kukubali wapangaji huru wanaolipa kodi ya ardhi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1400 watwana walikuwa wamebaki wachache sana Uingereza.

Jambo la pili lililobaki ni karantini. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru kwamba anayetoka mahali penye tauni akae mahali pa pembeni kwa siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku ziliongezwa kuwa 40, na neno karantini linatokana na neno la Kiitalia la arobaini. Tazama tofauti: Strasbourg iliua majirani zake, na Ragusa iliweka utaratibu mmoja kwa kila aliyetoka penye ugonjwa, kwa muda unaojulikana, kisha akaruhusiwa kuingia. Kuogopa ugonjwa si dhambi. Hofu inaweza kuandika sheria ya haki au kuwasha moto.

La tatu, tauni yenyewe haijaisha duniani. Katika jimbo la Ituri, Kongo, inajulikana kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005 tauni ya mapafu ilizuka kati ya wachimbaji wa almasi huko Zobia, kaskazini mwa Kongo. Mwaka 2017 zaidi ya watu 2,000 waliugua Madagaska na zaidi ya 200 wakafariki. Lakini sasa kuna dawa za antibayotiki zinazoponya, mradi mgonjwa awahi. Ukiona panya wengi wamekufa ovyo, usiwashike kwa mkono, na mjulishe mhudumu wa afya. Mtu akiwa na homa kali na mtoki, au anatema damu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Asifichwe ndani kwa aibu, na familia yake isisingiziwe uchawi wala sumu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza: uvumi huua kabla ugonjwa haujafika. Strasbourg ni shahidi.

Pili: maneno yaliyopatikana kwa mateso si ushahidi.

Tatu: anayefaidika na uvumi achunguzwe. Nani anadaiwa? Nani atachukua shamba au duka la anayeshutumiwa?

Nne: madai ya haki hayampi mtu ruhusa ya kumwonea aliye dhaifu kuliko yeye.

Tano: ahadi ya mkubwa iliyotolewa kwa hofu inaweza kufutwa hofu ikiisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maungamo ya Chillon yaliaminiwa na miji mingi, na hoja ya Papa Klementi haikuaminiwa, ingawa ilikuwa na akili zaidi?

2. Viongozi wa Strasbourg waliokataa kuwaua Wayahudi walipoteza vyeo. Je, walishindwa? Toa sababu.

3. Askofu Ralph aliwaruhusu waumini wa kawaida kusikiliza maungamo ya wanaokufa. Katika shida zetu, ni kazi gani tulidhani ni ya viongozi tu, kumbe sote tunaweza kuifanya?

4. Kipindupindu kikizuka katika mtaa mmoja wa kambi, ni maneno gani huwa yanasemwa juu ya watu wa mtaa huo? Yapi ni ya kweli na yapi ni uvumi? Mngejuaje?

5. Waasi wa 1381 walikuwa na haki, na waliwaua Waflemi. Tunawafundishaje vijana wetu kudai haki bila kumgeukia mgeni aliye jirani?

Viongozi wa vikundi, andikeni majibu ya kikundi chenu kwenye karatasi, mtumie katika kikao kijacho.